Mashine Ilipopata Mahali

Mwenzangu alikuwa mtu wa Bungoma, na kwake l na r zilibadilishana zilivyotaka. "Jana tumerara njaa," angesema, nami ningecheka mpaka koleo initoke mkononi. Naye alicheka. Nilimpenda yule mtu, na hilo ndilo linaloniuma.

Miaka hiyo ya elfu mbili tulikuwa tukiunda jenereta ya upepo nyuma ya nyumba ya mama, huko Kibomet. Yeye alisuka nyaya za shaba na kupanga sumaku. Mimi nilipiga hesabu. Upepo ukizidi, mashine huzunguka kwa fujo, umeme ukapanda mpaka ukaunguza zile nyaya. Kwa hivyo niliunda kisanduku cha kuutawala: betri ikijaa, kinapeleka umeme wa ziada kuchemsha maji kwenye pipa. Mama alikuwa akikohoa kila jioni kwa moshi wa taa ya koroboi. Tulimwahidi, sote wawili, kwamba Krismasi atasoma Biblia yake kwa balbu.

Siku moja mwenzangu akaniambia, "Ile mashine nimeipatia mahari."

"Mahali, bwana. Mahali," nikamrekebisha, kama kawaida yangu.

Akatabasamu tu. Nilidhani amepata kilima cha kuifanyia majaribio. Nikamsaidia hata kuipakia kwenye pikapu, mjinga mimi. Kisanduku alisema atakirudia.

Hakurudi. Krismasi ilipokaribia nilisikia yuko Cheptais, kule mlimani, nikamfuata na kisanduku kwapani. Mashine yetu niliikuta juu ya mlingoti katika boma la watu nisiowajua. Mzee mwenye boma alinikaribisha chai, mwenzangu akiwa ameketi kando yake.

"Huyu mkwe wetu ametuheshimu sana," akasema. "Wengine wanaleta ng'ombe. Yeye ameleta stima."

Nikamgeukia mwenzangu. Nilitaka aone haya, hata kidogo.

"Si nilikuambia?" akasema polepole. "Nilisema mahari. Ni wewe ulinirekebisha."

Ningemwambia nini mzee wa watu, kwamba mahari ya binti yake ni taa ya mama yangu? Upepo wa mlimani ulikuwa umeanza kuzidi na mashine ikinguruma. Mwenzangu alikitazama kisanduku, kisha akanitazama mimi. Nikamaliza chai, nikashukuru, nikakirudisha kwapani na kwenda zangu.

Nyumbani, mama alikifuta kisanduku vumbi, akakiweka karibu na kiti chake, akapandisha koroboi juu yake.