Maksai wa Mama Godelive hawanywi mazuti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu haujaondoka Rwambuzi, pembezoni mwa mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo. Ambroise anakaza nira shingoni mwa maksai wawili. Mbele yao amesimama mama yake, Godelive, na mkongojo wake. Bila yeye, maksai hawa hawaendi popote.

"Baraka! Mupole! Tuende, watoto yangu," anaita. Jembe linazama, udongo unapinduka.

Usidhani imekuwa hivi siku zote. Kwa miaka tisa Ambroise, 46, alikodi trekta. Hekta moja ilikunywa lita ishirini na tano za mazuti, yaani dizeli, na karibu nusu ya mavuno yake ya maharage iliishia huko. Mwaka jana barabara ikafungwa kwa ajili ya usalama, mazuti yakaadimika, trekta ikalala. Mvua nayo haingoji mtu.

"Nikasema, siye tuko na ng'ombe, na tunalala njaa juu ya mazuti?" anakumbuka.

Lo! Kwao ng'ombe ni maziwa, ni mahari, ni heshima. Kumfunga nira ni aibu. Godelive, 73, mwenye maksai hao, alimnunia mwanawe wiki mbili nzima.

"Baba yako angekuwa muzima, angelia," alimwambia. "Ng'ombe haiko mutumwa."

Ambroise akawafunga hata hivyo, mama akiwa kwenye misa ya asubuhi. Maksai wakapiga hatua nane, wakagoma. Akabembeleza, akasukuma, hasira zikampanda, akashika fimbo.

"Nilitoka misa, nikakuta anapiga Baraka," anasema Godelive. "Roho iliniuma sana! Nikaita tu jina yake, vile ninamuita kila siku. Akanifuata, na jembe nyuma!"

Ambroise anacheka mpaka machozi. Kumbe wanyama walimjua aliyewalea. Tangu siku hiyo hajagusa fimbo, wala hajanunua mazuti. Hekta moja huwachukua siku nne.

Sasa anatamani jozi ya pili, awalimie majirani pia. Wa kwanza kumwomba ni Nadège, aliyekimbia vita Djugu na kuazima kipande cha ardhi hapo jirani. Ambroise alisita kumjibu. Mifugo ya Godelive iliporwa vitani na watu wa jamii ya Nadège, na mpaka juzi watu wa pande hizi mbili walikuwa hawasalimiani.

Godelive anampapasa Baraka shingoni. Ng'ambo ya ua, Nadège anang'oa visiki kwa mikono.

"Ile jozi ya pili nitachagua mwenyewe," anasema Godelive hatimaye. "Na kwa shamba ya Nadège, ni miye nitatangulia."