Permit ya mama: nilivyothibitisha kwamba ananitegemea, na yaliyotupata Mbololo

Wakuu, natumai mko salama.

Haya ni yangu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Nimebadilisha majina tu. Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu jinsi ya kumpeleka mzazi ng'ambo kwa family permit, yaani kibali cha familia, akajibiwa "weka risiti za pesa unazomtumia, imeisha hiyo". Haijaisha. Nisomeni.

Nianze na waliosema sitaweza.

Nilipomaliza diploma ya mitambo ya baridi, yaani friji, AC na cold room, binamu yangu alitangaza mbele ya watu kwamba nitazeeka nikijaza gesi friji za soda mjini Voi. Nilipopata kazi Ulaya akasema nitarudishwa nikiwa bado uwanja wa ndege. Niliposema nitamchukua mama, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mamako ataiona ndege ikipita juu ya mlima," alisema. "Ampe rubani salamu."

Mimi sikuwa na mjomba serikalini. Baba alikata mkonge maisha yake yote na hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Lakini baada ya miaka michache kule kwenye theluji nilikuwa nasimamia mitambo ya baridi ya maduka makubwa, na wenye digrii walikuwa wananipigia mimi simu compressor ikigoma. Nasema wazi kwa sababu nililitolea jasho.

Sasa mama.

Alikuwa amebaki peke yake Mbololo, kule juu ya Voi. Mtoto aliyebaki ni mimi tu. Presha ya macho ilikuwa imelizima jicho la kushoto na la kulia lilikuwa linafuata. Nilitaka aje tuishi pamoja, atibiwe, nimwone kila nikitoka kazini. Sikutaka kitu kingine.

Sheria ya nchi ile (sitaitaja) inasema mzazi akitaka permit lazima uthibitishe dependency, yaani kwamba anakutegemea. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Kuonyesha kwamba unatuma pesa haitoshi. Lazima ionekane kwamba bila pesa yako huyo mzazi hapati chakula, dawa wala mahali pa kulala.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Niliandaa faili ambalo wakili wangu mwenyewe alilisifu. Barua ya chifu. Vyeti vya daktari wa macho. Cheti cha kifo cha baba.

Shamba la chini tembo walikuwa wamelilaza lote, hakuna bua lililosimama. Nilimwomba Mama Mghoi, jirani yetu na rafiki wa mama tangu wakiwa wasichana, anipigie picha. Akapiga unyayo wa tembo na mguu wake kando, ndani ya kiatu cha kanisani. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Wazungu wako wapime wenyewe, wasije wakasema ni mbuzi."

Juu ya hayo yote nikaweka statement ya simu ya mama, orodha ya pesa zinazoingia na kutoka. Kila mwezi pesa yangu ilikuwa inaingia, bila kukosa.

Tukakataliwa.

Sababu walizoandika zilikuwa fupi. Pesa inaingia, ndiyo, lakini inatoka tena kwenda kwa watu wengi tofauti. Mtu anayegawa pesa namna hii, walisema, ana ziada, na mwenye ziada hategemei mtu.

Wakuu, ile ilikuwa michango.

Nyinyi mnaelewa bila kuelezwa, lakini afisa angejulia wapi? Kwetu mtu akifa kila nyumba inachanga. Jioni kabla ya mazishi mweka hazina anasimama na kusoma kwa sauti kila jina na alichotoa, kuanzia aliyetoa zaidi. Mama mwenye kijana ng'ambo hawezi kusomwa mwisho, hilo halipo. Basi mama alichangia matanga, harusi, paa la kanisa, karo za watoto wa watu. Nilikuja kujua baadaye kwamba kuna wiki alikunywa chai ya rangi bila sukari, na wiki hiyo hiyo jina lake limesomwa la pili.

Wakili wangu alikuwa mama mmoja asiyecheka. Aliniambia tutaomba upya, lakini kwanza mwaka mzima simu ile inunue unga, dawa na kumlipa kibarua. Basi.

Nikampigia mama.

"Mama, kuanzia leo usichange chochote."

"Hata kanisani?"

"Sadaka ya mkononi toa. Kwa simu usitume."

"Na mtu akifa hapa jirani, Mwakio? Niende na mikono mitupu?"

"Usiende basi."

Akauliza kama nimekula. Mama alikuwa hivyo, jambo likimshinda anauliza kama umekula.

Na nikamwongezea lingine. Nikamwambia asimweleze mtu sababu. Mnajua safari za ng'ambo zinavyoharibiwa na midomo, hasa ukiwa na binamu kama wangu. Hata Mama Mghoi asiambiwe.

Alitii. Mama alikuwa mtu wa kutii jambo likishaamuliwa.

Miezi ya kwanza watu walidhani anaumwa. Baadaye maneno yakaanza. Mwanamke mmoja wa kikundi chao cha akina mama alisema kisimani, yeye akiwa pale pale, "Mama Mwakio amekuwa mzungu kabla ya kupanda ndege." Walicheka. Mama alinisimulia kama kichekesho, na mimi nikacheka naye.

Akaacha kwenda kikundi. Akaanza kuteka maji mapema kabla wengine hawajafika. Hakuwa anaona vizuri, na ile njia ina mawe.

Kisha akafa Baba Mghoi, mume wa rafiki yake.

Mama alinipigia siku ya mazishi. Yeye hakuwa mtu wa kupiga, alikuwa anasubiri nipige.

"Wamemzika leo," alisema. "Nimesikia nyimbo nikiwa jikoni."

"Vumilia, mama. Permit ikitoka tutawapa wote haki yao."

"Mwakio, mtu huwa anazikwa mara moja."

Nikamwuliza kama amekula.

Mwaka ukaisha. Statement ilikuwa safi kama ya mtu asiyemjua mtu duniani. Tukaomba upya, na safari hii hawakuuliza hata swali moja. Permit ikatoka. Niliwashinda kwa karatasi zao wenyewe, mimi mwana wa mkata mkonge, na hilo silifichi mpaka leo.

Nikampigia mama kumwambia. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena na tena. Kesho yake asubuhi nikampigia Mama Mghoi.

"Sijapita kwake siku nyingi," alisema. Sauti yake haikuwa na joto. "Mamako alijifungia, tukamwacha na mambo yake."

"Nakuomba, mama, nenda umwangalie tu."

Akaenda. Alimkuta kwenye sakafu ya jikoni. Alikuwa ameteleza jana yake na nyonga ilikuwa imevunjika, na alikuwa ameita mpaka sauti ikakauka. Wakuu, ile nyumba iko kando ya njia. Zamani hakukuwa na asubuhi ambayo mtu hakupita hapo kusema hujambo, kuomba chumvi, kuacha umbea. Mwaka ule njia ilikuwa pale pale, ila watu walikuwa hawageuzi shingo.

Walimteremsha Voi hospitali. Walimhudumia vizuri, sina la kulaumu. Nilikuwa bado natafuta tiketi alipofariki.

Nilikuja kumzika nikiwa nimejiandaa kulipia kila kitu, kwa sababu nilijua hakuna atakayekuja. Nilikuwa na bei za hema, za mpishi, hata za vijana wa kuchimba kaburi.

Nilipofika nikakuta kaburi limechimbwa. Wanawake wa kikundi walikuwa wamewasha moto na Mama Mghoi ndiye aliyekuwa na mwiko. Jioni mweka hazina akasimama na kusoma majina. Zile nyumba zilizozika mwaka ule bila mama kutokea, zote zilisomwa. Hakuna hata moja iliyokosa.

Nilisimama pale na suti yangu. Sitaki kuandika zaidi kuhusu jioni ile.

Sikurudi Ulaya. Nilifunga mambo yangu kule na sasa nina karakana yangu ya mitambo ya baridi hapa Voi. Wenye bucha na hoteli wananijua, na vijana niliowaajiri wanalipwa kila mwezi bila kuzungushwa.

Kwa mnaoanza safari hii ya permit, shikeni hili. Michango ya mzazi itoe wewe, kutoka kwa akaunti yako, ukimwambia mweka hazina asome jina la mzazi. Statement yake itabaki safi na yeye atabaki na watu wake. Ni jambo rahisi namna hiyo. Mimi na diploma yangu na wakili wangu hatukulifikiria. Na kama lazima afiche sababu, basi awe na jirani mmoja anayeijua, mmoja tu.

Nimalizie na siku niliyolipa.

Nilipanda Mbololo na bahasha, moja kwa kila nyumba iliyofiwa mwaka ule. Nilitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba. Niliwaeleza kwamba mama hakuwa mchoyo, kwamba ilikuwa amri yangu. Wengine walilia. Yule wa maneno ya kisimani hakuweza kunitazama, akanifungia mkungu mzima wa ndizi nibebe.

Mwisho nikafika kwa Mama Mghoi. Aliishika bahasha, hakuifungua.

"Hii ni yako au ni ya mamako?"

"Ni ya mama. Ya matanga ya Baba Mghoi."

Aliingia ndani, akatoka na kiti na chai, akaniweka hapo ukumbini wanapokaa waliokuja kutoa pole. Kisha akaanza kunisimulia jinsi mume wake alivyougua: homa ilivyoanza, alivyokataa uji, neno alilosema asubuhi ile, nani alimfunga macho. Alinieleza taratibu, bila kuruka kitu, kama anavyoelezwa rafiki aliyekuja matangani.

Nilimsikiliza mpaka mwisho.

Aliye kwenye process hii aulize hapa chini, nitajibu ninachojua. Na kama kwenu kuna mzazi mliyemfanikishia permit bila kumtenga na majirani, andikeni mlivyofanya, kuna mtu humu anahitaji kusoma leo.