Kumfumia Mama Mkwe Shali Bila Kumtazama

Mama mkwe wangu nilimfahamu kuanzia kwenye vifundo vya miguu kushuka chini. Si utovu wa adabu. Hiyo ndiyo adabu yenyewe. Ukoo wa mke wangu ni Wasukuma waliohama na ng'ombe wao mpaka wakafika kwenye vilima vya Mwese, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja. Tukikutana njiani mimi naacha njia, nainama kwenye majani kama mtu aliyeangusha funguo, naye anapita. Sisi Wapimbwe wa Mamba tunamheshimu mkwe pia, lakini hatuingii porini kwa ajili hiyo. Tangu nioe, nilichokuwa nimekiona ni katambuga mbili, ndala za tairi, kubwa, zikipita mbele yangu na vumbi lake.

Baba mkwe alipofariki, mvua za mwaka juzi, nilichimba kaburi, nikabeba maji, nikakesha na wanaume kwenye moto. Kila kitu nilifanya isipokuwa kimoja: sikumwambia mama pole. Nilimtuma mke wangu. "Mwambie mama nampa pole." Akaingia ndani, akatoka, akasema, "Amesikia." Basi. Mtu amefiwa na mume wa maisha yake yote, na mkwe wake anamtumia pole kama vocha.

Baada ya msiba mama akaanza kulalamika baridi. Mwese kuna baridi, hakuna anayebisha, lakini yeye aliisikia hata mchana, juani. Zahanati walimpima, wasione kitu. Akawa hatoki, anashinda jikoni na moto wake, haongei. Mke wangu alikuwa akirudi kutoka kumwona anavua viatu kimya kimya, naye hana kawaida ya kufanya lolote kimya kimya. Iliniuma sana. Nilitaka mama apate joto, na nilitaka safari hii ajue kwamba limetoka kwangu mwenyewe. Hapo ndipo likanijia wazo la kumfumia shali.

Mimi ni fundi simu hapa Mpanda. Najua kubadilisha kioo na betri. Kufuma sikujua. Mablanketi yapo madukani, tena mazuri yenye picha ya simba, na mtu mwenye akili angenunua moja yakaisha. Lakini nina ugonjwa wa kuona kitu kinafanywa na kujiambia hata mimi naweza. Ugonjwa huo ulishanichimbisha bwawa la samaki ambalo mpaka leo linafuga vyura. Nikanunua sindano ya kufumia, ile yenye ndoano, na uzi wa zambarau, nikaanza kujifunza kwa video. Kila simu ya mteja iliyopona, kioo chake nilikijaribu kwa kumtazama mama mmoja wa Kizungu akifuma. Sikuelewa hata neno lake moja, nilifuata vidole.

Bodaboda wanaoegesha nje ya kibanda changu wakapata burudani.

"Fundi, simu yangu tayari?"

"Bado."

"Hiyo unayotengeneza ni simu au sweta?"

Mwingine akauliza kama natarajia kujifungua hivi karibuni. Nilimjibu kwa ukali, lakini ukali wa mwanaume mwenye uzi wa zambarau mapajani haumtishi mtu.

Tatizo likawa vipimo. Kuuliza si ujinga, lakini jaribu kumuuliza mke wako mama yake ana mabega ya upana gani. Mimi nilijaribu, kwa kuzungukia mbali.

"Hivi mama ni mnene?"

Akaacha kuchambua mchele. "Unaniulizia mwili wa mama yangu?"

"Hapana, nauliza afya yake."

"Afya ndiyo unene?"

 Picha ya mama ipo kwenye simu ya mke wangu, lakini siku nilipoikuta kwa bahati mbaya niliifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu anaoga. Kumweleza mke wangu ukweli sikutaka. Alishaliona bwawa. Safari hii nilitaka kumwonesha kitu kilichokwisha.

Kwa hiyo nikatumia akili yangu ya ufundi. Katambuga kubwa vile zimebeba mtu mkubwa, nikajiambia, haiwezekani vinginevyo. Nikamjenga kichwani: mwanamke mrefu, mpana, wa kujaza mlango. Nikafuma, nikafuma. Uzi wa zambarau ukaisha sokoni, nikaunga wa kijani. Kuna mahali niliruka vitundu, nikavifidia mbele, nikazidisha, upande mmoja ukawa mpana kuliko mwenzake. Kila nikilikunjua nililiona bado dogo. Mke wangu alipopita kibandani akadhani ni kitambaa cha kufunika makochi yake, akasema si kibaya. Sikumsahihisha.

Tukaenda Mwese kwa pikipiki, yeye nyuma, mfuko katikati yetu. Tulipofika ndipo nikampa mfuko na kumwambia: ni shali la mama, nimelifuma mimi, mpelekee. Akaingia nao jikoni kwa mama yake.

Nikabaki uani na shemeji zangu wawili, wanaume wasiopenda maneno, tukitazama ng'ombe. Niliogopa kweli. Mama akilikataa nitakuwa nimemwongezea aibu juu ya msiba, na mke wangu ndiye atakayeibeba kwao.  Kisha ndani kikatoka kicheko. Mke wangu alicheka mpaka akakohoa, akaja uani anafuta macho.

"Wewe mwanaume, umemfumia mama yangu au umemfumia tembo?"

"Kwani halimtoshi?"

"Mama ananifika hapa." Akaonesha kwapani.

"Mbona ana miguu mikubwa?"

"Miguu gani?"

Nikamweleza habari ya katambuga, kwa sauti ya chini ili shemeji wasisikie. Kicheko kikamkatika.

"Zile za baba," akasema. "Mama anavaaga zozote anazozikuta mlangoni."

Kumbe muda wote ule niliyekuwa nikimpima alikuwa marehemu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, na kabla sijapata kisingizio cha kwenda kukagua pikipiki, mlangoni pa jikoni kikatokea kitu cha zambarau kisicho na kichwa wala mikono, kinaburuza upindo wa kijani kwenye vumbi, kinapapasa ukuta. Nikaruka kutoka kwenye kigoda, nikageukia shamba la mahindi, tayari kuingia.

"Kaa, baba," kikasema. "Usikimbie. Wewe hunioni, na mimi sikuoni."

 Nikakaa. Mke wangu akamwongoza mama mpaka kwenye kigoda mbele yangu, karibu kuliko tulivyowahi kukaribiana.

"Hiyo pole unayomtumaga mke wako," akasema kutoka ndani ya shali, "leo ilete mwenyewe."

Maneno nilikuwa nayo. Tangu siku ya mazishi nilikuwa nayo, mazuri, tena yenye mithali. Yote yakanipotea. Mimi ninayeweza kumweleza mteja nusu saa kwa nini simu yake haitapona, nilisema, "Pole, mama." Basi, hayo tu.

Shali likapanda na kushuka.

"Watu wamekuja wengi," akasema. "Wote wananiangaliaga usoni, waone kama nimepoa. Basi mimi najikaza. Humu ndani hakuna anayeniona."

Akalia. Alilia kwa sauti ambayo, mke wangu aliniambia baadaye, hakuitoa hata siku ya kumzika mume wake. Shemeji wakageukia ng'ombe wao. Mke wangu akapiga magoti, akamkumbatia mama yake pamoja na shali lote. Nami nikalia pale pale kwenye kigoda, mtu mzima, mbele ya wakwe, sina hata leso ya kujifunika.