Kamera Tuliyoichagua kwa Masikio

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo napumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Umekuja kuniambia kwamba shule yenu imekutuma ukachague vifaa vya kurekodia walimu wakifundisha. Kaa. Chai bado ya moto. Ngoja nikusimulie ya kwetu.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, na maduka ya mjini Mbinga ndiyo kwanza yanaanza kujaa. Sisi tuliozoea rafu zenye viberiti na chumvi, tulishangaa kuona redio na televisheni zimepangwa hadi barazani. Nilikuwa mwalimu kijana huko kijijini Namswea, na chumba cha jirani na changu alifundisha Mwalimu Kinunda, mzee aliyeshika darasa la kwanza. Watoto walimjia wakijua Kimatengo peke yake, na mahindi yalipokomaa walikuwa wanasoma Kiswahili. Alikuwa na namna yake ya kuziita herufi: anazivuta, ananong'ona, anazikata ghafla, mpaka mtoto mwenyewe anadaka iliyobaki. Walimu walitoka vijiji vya Mbuji na Ruanda kuja kumsikiliza tu.

Basi koo likamvimba. Daktari akamwambia aende Dar es Salaam akapasuliwe, na hakumficha: huenda angepona, lakini sauti isirudi.

Wazazi wakachanga. Mwalimu mkuu wetu, Mama Kapinga, akaniita mimi na mwenzangu, Mwalimu Hyera. "Nendeni mjini mkachague kamera ya video," alisema. "Mzee arekodiwe kabla hajasafiri. Mkikosea, hatutampata wa kurudia."

Tulipita kumuaga. Alikuwa amejifunga skafu shingoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mnakwenda kununua macho au masikio?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Nawauliza, wanangu. Sura yangu hii haimfundishi mtoto kusoma."

Neno lile nililibeba njia nzima.

Mjini tuliingia kwa Bwana Abdalla, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Alituwekea kamera mbili mezani. Moja kubwa, ya kubeba begani, inang'aa kama kiatu cha arusi. Nyingine ndogo, rangi imefifia, lakini ilikuwa na tundu la kuchomekea maikrofoni ya kubana kwenye kola, na jingine la hedfoni.

"Dada, kamera ni hii," Hyera alininong'oneza, mkono tayari uko kwenye ile kubwa. "Ukiibeba, hata mgeni atajua kazi inafanyika."

Sikumlaumu, mwanangu. Hata mimi macho yalikuwa hukohuko. Lakini wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikamwomba Bwana Abdalla atuache tuzijaribu zote.

"Jaribuni, walimu," alisema. "Afadhali mnisumbue leo kuliko mnirudie kesho na lawama."

Hyera akasimama mlangoni na ile kubwa. Mimi nikaenda mwisho kabisa wa duka, umbali kama wa ubao na dawati la nyuma, nikaanza kufundisha maboksi: ba, be, bi, bo, bu. Tulipotazama mkanda kwenye televisheni, nilionekana hadi vifungo vya gauni. Midomo inacheza, sauti hakuna! Kilichosikika ni mashine ya kusaga ya jirani, na mama mmoja barabarani anauza vitumbua.

Tukarudia na ile ndogo, maikrofoni kwenye kola. Picha ilikuwa na ukungu kidogo. Lakini kila "ba" ilisikika, hata pumzi yangu.

Hyera aliirudisha ile kubwa mezani. "Basi tuulize habari ya betri," akasema. "Namswea umeme hakuna." Hapo nikajua tumekubaliana. Tukachukua ile ndogo na betri ya akiba.

Kesho yake Mwalimu Kinunda akasimama mbele ya watoto, Hyera nyuma na kamera, mimi hedfoni masikioni. Mzee akafungua kinywa. Hedfoni, kimya! Midomo yake inakwenda, mimi sisikii kitu. Nikanyoosha mkono, somo likasimama, watoto wote wakanigeukia. Nilimwendea mzee nikaikagua maikrofoni. Kumbe ina swichi yake, na hatukuiwasha. Nikaiwasha, nikarudi kwenye hedfoni.

"Sasa?" aliuliza, na sauti yake ikaniingia masikioni, nzito, karibu kama ananisemesha mimi peke yangu. Nilimwitikia kwa kichwa, machozi yananilengalenga, akaanza upya.

Alisafiri. Tukakaa roho juu, kila Jumapili jina lake linatajwa kanisani. Alirudi kahawa zikiwa zimeanza kuiva, amekonda, mzima, anakula ugali wake. Sauti ikawa mkwaruzo tu.

Mwaka mpya wa shule ulipofunguliwa, Mama Kapinga akaazima televisheni, deki ya kuchezea mkanda na jenereta, akaviweka darasani mbele ya watoto wapya wa darasa la kwanza. Sauti ya Mwalimu Kinunda ikatoka kwenye mkanda, ikaita herufi ya kwanza. Mzee mwenyewe akasimama ubaoni na fimbo yake, akaionyesha. Watoto wakaijibu ile sauti kwa nguvu zote, macho yao yakimtazama yeye. Mzee akacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Mimi nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikacheka pia.

Kwa hiyo mwanangu, usichague kwa macho peke yake. Jiulize kwanza ni nini ambacho kikipotea hakitarudi, ukilinde hicho. Darasani mara nyingi ni sauti, basi anza na maikrofoni, kamera ifuate. Jaribu palepale dukani, penye kelele, usione haya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mwalimu akianza kusema, sikiliza wewe mwenyewe, usiiamini taa nyekundu ya kamera peke yake.

Nenda salama. Mungu akupe subira mbele ya wauzaji na sikio jepesi darasani, na wote utakaowarekodi awape uzima wa kuzisikia sauti zao wenyewe.