Mgeni wa Siku ya Tatu

Mume wangu alipigana Bama, mbali huko Asia, katika jeshi la Mwingereza, na vita vile hakuviacha huko. Tulipata nyumba Temeke, naye akaajiriwa utarishi Boma, kwenye ofisi za serikali, lakini nyumbani alibaki sajini. Hata kuku aliwafukuza kwa amri. Wanawake wa mtaa wetu hatukumcheka, tulimtumia. Kikundi chetu cha ngoma kilikuwa na kapteni na filimbi yake kama vikundi vingine, maana ngoma za mjini zilianza kuiga gwaride tangu vita vya Mjerumani. Basi mume wangu akawa anatufundisha uani, fimbo kwapani: "Lefti, raiti! Abautani!" Tukageuka wote kwa pamoja, na majirani waliacha vyungu vyao jikoni waje kutazama.

Asichokijua ni kwa nini tuliipenda sana hiyo abautani.

Siku zile habari za kudai uhuru zilikuwa zikitembea nyumba kwa nyumba, na mara nyingi zilitembea midomoni mwa wanawake. Waume waliokula mshahara wa serikali walikuwa wamekatazwa siasa. Sisi tulikwenda duka la Mhindi tukachagua kanga ya sare iliyoandikwa: *Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.* Mgeni tuliyemkusudia alikaa Boma. Tukaapizana kwamba hakuna atakayelisema hilo nyumbani kwake, waume zetu wasije wakakosa kazi kwa ajili ya ngoma.

Sasa maneno ya kanga, kila mwanamke anajua, hukaa nyuma. Siku ya sherehe ya serikali, tulipoitwa kucheza, Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alikaa kitini mbele yetu. Filimbi ikalia, abautani, tukampa migongo. Akasoma mstari mzima wa makalio, kisha akamwinamia askari wake kumuuliza maana yake.

"Wanawake hao, bwana," askari akajibu, tukamsikia. "Wanapigana vijembe wenyewe kwa wenyewe."

Bwana Shauri akapiga makofi. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Nilirudi nyumbani mbio kwa furaha, nikamkuta mama mkwe nyuma ya nyumba, kajifunga kaniki kifuani, analima. Alikuja kutoka Rufiji nilipojifungua mtoto wa mwisho, akabaki kwa sababu nilimwomba. Mama yangu mzazi alikwisha kufa, na chini ya paa lile hakuna niliyempenda kama bibi yule, mwanawe akiwamo, hasa siku za gwaride. Na hapo alipokuwa akilima palikuwa na mawe matupu.

"Mama, unalima nini kwenye jua hili?"

"Si mmenipa jembe? Nalima."

Nikatambua kilichotokea. Ngomani nilikwenda na kanga moja, pacha lake nikaliacha kambani. Mama mkwe alisoma herufi za Kiarabu vizuri sana, ila hizi za Kizungu hakuzijua. Akaipenda ile kanga, akamwomba jirani yetu, mke wa mwalimu, amsomee. Yule dada wa bara, mtu mwema, alikuwa hajajua bado kwamba pwani kanga huwa ina mtu inayemsema. Akaisoma kwa sauti, kama yuko darasani.

"Mie nilidhani ni ile ya mgeni njoo, mwenyeji apone," mama mkwe akasema, jembe halisimami. "Kumbe siku zangu zimekwisha. Kesho lori la Rufiji lipo." Mzigo wake ulikuwa tayari mlangoni, umefungwa.

Nikakumbuka kiapo changu. Nikisema, nimewasaliti wenzangu. Nikinyamaza, ameondoka, na tena ameondoka akiamini kwamba nimemfukuza. Hilo la pili lilinishinda. Nikamshika mkono, nikamvuta hadi jikoni, nikamnong'oneza, "Mama, mgeni si wewe. Ni Mwingereza."

 Akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, taratibu.

"Baba yake huyu sajini wenu walimkamata akawabebee mizigo ya vita," akasema. "Mjerumani anapigana na Mwingereza, wageni wote wawili, wanapigania kwetu. Aliyekufa ni mume wangu. Hata kaburi lake silijui."

Nililia, naye alilia. Halafu akavuta pindo la kanga yangu, akajifuta macho, akaitazama ile nguo vizuri.

"Siku ya tatu ndiyo leo?" akauliza. "Mbona mmechelewa hivyo!"

Tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Jioni mume wangu alirudi kutoka kazini, akauona mzigo mlangoni. "Mama, unasafiri?"

"Nani, mie? Anayeondoka si mie."

Akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeinama nikimimina chai, nimempa mgongo, na kanga bado iko kiunoni. Nikamsikia akisoma polepole, neno baada ya neno. Nikaogopa, maana mshahara wetu ulitoka Boma. Akaenda kufunga dirisha. Akamwangalia mama yake, kisha akapiga magoti penye ule mzigo, akaufungua, akaanza kuzirudisha nguo za mama chumbani moja moja.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliniuliza kama lile duka la Mhindi bado lina doti nyingine ya kanga ile, ya mama.