Mzee Billow na Mataji Saba ya Vercelli

Mzee Billow alikuwa na sentensi moja tu ya kusema mbele za watu, nayo ilikuwa hii: "Pro Vercelli imechukua ubingwa wa Italia mara saba." Baada ya hapo ulimi wake ulijikunja kama mkeka uliomaliza kazi, na yeye mwenyewe akaanza kutafuta vikombe vya kuosha.

Sentensi hiyo aliipata huko huko Italia. Kabla ya kufika Birmingham aliishi miaka miwili katika mji wa Vercelli, mji wa mashamba ya mpunga, akibeba magunia ghalani. Alikuwa ametoka Garissa na elimu ya darasa la nane na haya ya kuwatosha watu watatu. Siku za Jumapili hakuwa na pa kwenda, mpaka alipougundua uwanja wa mpira. Pale mtu aliweza kukaa bega kwa bega na wenzake kuanzia mwanzo wa mchezo hadi mwisho, bila yeyote kumwuliza habari za nyumbani. Hata kelele akitaka anapiga, na hakuna anayegeuka kumtazama. Billow aliona hakuna starehe duniani inayoshinda hiyo.

Mzee mmoja mwenye kofia, ambaye kila mara alikaa kiti cha jirani, ndiye aliyemsimulia habari za timu. Alimweleza kuhusu mataji saba, jezi nyeupe, na ile siku timu ya taifa ya Italia ilipoingia uwanjani ikiwa na wachezaji tisa wa Vercelli kati ya kumi na mmoja. Akamwambia pia kwamba mfungaji aliyefunga mabao mengi kuliko wote katika ligi kuu ya Italia alianzia mpira wake hapo hapo. Yote hayo kwa Kitaliano cha haraka. Billow alielewa nusu, na hiyo nusu akahamia nayo Uingereza.

Jambo moja hakulitaja alipofika. Taji la saba lilichukuliwa mwaka 1922, na siku hizi Pro Vercelli inahangaika daraja la tatu. Hakudanganya. Hakuna aliyemwuliza.

Jirani yake wa Ladywood, mtaa wa Birmingham, ghorofa ya tisa, mlango wa kushoto, alikuwa Onyango, nesi kutoka Siaya na shabiki wa Aston Villa. Siku ya kwanza aliposikia ile sentensi ndani ya lifti alifurahi.

"Saba? Ndugu yangu, hata Villa ina saba. Basi wewe ni bingwa mwenzangu."

Billow akakubali kwa kichwa, kwa kuwa kukataa kungehitaji maneno. Tangu hapo akawa bingwa. Kazini Washwood Heath, kwenye maghala, Gaston Mkongo aliyeendesha naye mashine za kuinulia mizigo akamwita "Papa Champion". Kuna majira ya baridi alivaa skafu ya timu mpaka mwezi wa tano, akitembea kama mtu ambaye hilo kombe liko kabatini kwake.

Basi ikatokea kwamba binti yake wa pekee, Anisa, akapata mchumba. Kijana aliitwa Liban, na wazee wake wakasema watakuja Jumamosi baada ya alasiri kuposa. Kwa desturi yao ya Kisomali wanaume wa upande wa kijana huja, hukaa, husema, na wanaume wa upande wa binti hujibu. Mwishoni baba mwenyewe, kwa mdomo wake, lazima aseme amekubali.

Kwa kazi za namna hiyo Mungu alimpa Billow kaka, Najib, mtu aliyeweza kuongea kutoka alasiri hadi magharibi bila kuomba maji. Harusi, misiba, ugomvi wa ndugu, yote alisema Najib, na Billow alikaa pembeni yake akitikisa kichwa panapostahili. Lakini Najib alikuwa Makka, amekwenda umra.

Billow akamtuma mkewe, Abshiro, apige simu kuomba siku isogezwe wiki moja. Jibu likarudi kabla chai haijapoa. Ami yake Liban, Mzee Dayib, ndiye mkubwa wa ukoo wao, na Jumapili anarudi Nairobi. Ni Jumamosi au basi. Tena Abshiro alisikia kwamba huko Nairobi kuna ndugu waliokwisha kumtaja binti mwingine, wa jamaa zao, na walichokuwa wakisubiri ni kisababu tu.

"Mzee huyo akiondoka bila jibu, Liban wameshamchukua," Abshiro akasema. "Baba Anisa, unanisikia?"

Alimsikia. Kilichomjia kichwani, Mungu amsamehe, kilikuwa mpira. Mwaka 1910 Vercelli na Inter walilingana pointi, ikabidi wacheze mechi ya kuamua bingwa. Wachezaji kadhaa wa Vercelli walikuwa na mashindano ya jeshi, timu ikaomba tarehe isogezwe, Inter wakakataa. Basi Vercelli kwa hasira wakapeleka uwanjani watoto wa kikosi chao cha nne. Kila mara Billow alipoikumbuka habari hiyo kifua chake kilipanda. Kikapanda na safari hii.

"Waje," akasema. "Tutapanga tulio nao."

"Nani hao ulio nao?"

"Onyango."

"Onyango? Mjaluo, kwenye posa ya mwanangu?"

"Anajua kuongea."

"Na mwingine?"

"Gaston. Ana suti."

Abshiro alikaa kimya, na ukimya wake ulikuwa mrefu kuliko hotuba za Najib.

Anisa yeye alimfuata baba yake jikoni Jumamosi mchana. Alizaliwa Birmingham, Kiswahili alikielewa chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na siku hiyo alichagua Kiswahili ili asikose kueleweka. "Aabo, neno moja tu. Sema, tumekubali. Halafu nyamaza. Na mpira usiutaje. Tafadhali."

"Siutaji," akasema Billow, na akaamini.

Mzee Dayib alifika na wazee wawili, wote wenye ndevu zilizotiwa hina na fimbo nzuri. Walimkuta baba wa binti amekaa katikati ya nesi Mjaluo na Mkongo mwenye suti ya zambarau. Dayib alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatazama mlangoni kana kwamba wenyewe wangali njiani.

"Hawa ni watu wangu," Billow akajitahidi kusema.

Kwa bahati Kiswahili kiliwakutanisha wote, maana hata Dayib alikulia Garissa. Alianza vizuri. Alimsifu kijana wake, kazi yake ya uhandisi wa reli, swala zake, heshima yake. Kisha akanyamaza asubiri neno la baba.

Baba hakuwa nalo. Alikaa ameinamisha macho, mikono magotini.

Dayib, aliyezoea wazee wagumu wa mipakani, akadhani amekutana na mmoja wao. Akaongeza sifa. Kijana hanywi, havuti, anampigia mama yake simu kila siku. Akanyamaza tena. Billow akatazama zulia.

Onyango alinusa jinsi mambo yalivyokaa, akakohoa. "Mzee amesikia. Lakini kwetu, mtu akija kwa shughuli kama hii tunauliza kwanza ng'ombe."

"Ng'ombe?" Dayib akakunja uso. "Sisi ni watu wa ngamia, bwana."

"Basi ngamia. Yuko wapi?"

"Hapa Birmingham? Nitamfunga wapi?"

"Hilo si swali la upande wetu," Onyango akasema. "Sisi tuko ghorofa ya tisa na lifti ni ndogo, lakini tungejibana."

Mmoja wa wale wazee wawili akacheka ndani ya kikombe. Gaston naye, akitaka kufaa, akasema, "Papa yangu, kwetu Bukavu tunaomba na mbuzi ya mama. Bila mbuzi mama anakasirika mpaka arusi."

"Sasa mbuzi tena," Dayib akasema. Hakuwa anacheka. Akamgeukia Billow. "Mzee mwenzangu, nimesema, nimerudia, na watu wako wananitania. Wewe mwenyewe hujafungua mdomo. Tulipopiga simu mlitaka tusije leo. Naona kama jibu tumeshapewa, ila mmeona haya kulisema." Akaishika fimbo yake. "Hatulazimishi mtu. Tutaondoka kwa heri."

Wazee wawili nao wakaweka vikombe chini.

Jikoni sauti za sahani zilikuwa zimekatika. Billow alijua Anisa amesimama nyuma ya mlango. Neno lilikuwa moja. Alilifanyia mazoezi bafuni, alilifanyia mazoezi kwenye basi. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile pekee kilichoijua njia.

"Pro Vercelli," akasema Mzee Billow, "imechukua ubingwa wa Italia mara saba."

Kutoka jikoni ikasikika sauti ndogo, kama ya mtu aliyejipiga kofi kwenye paji la uso.

"Nini?" Dayib akauliza.

Mtu aliyekwisha kuanguka kisimani hana tena la kuogopa. Billow akaendelea. Akaeleza habari za 1910, kwa kukwama na kurudia, akitazama kitasa cha mlango. Jinsi kikosi kikubwa hakikuwepo. Jinsi walivyoomba siku isogezwe na hawakupewa. Jinsi walivyopeleka watoto.

"Kikosi changu kikubwa ni kaka yangu, na yuko Makka," akasema. "Mimi sijui kuongea. Niliomba siku isogee kwa ajili hiyo tu, si kwamba sitaki. Huyu ni jirani, anatulindia ufunguo wa nyumba. Huyu nafanya naye kazi. Ndio nilio nao. Binti... binti tumekubali. Tumekubali tangu zamani. Ilikuwa nianze na hilo."

Dayib alibaki ameshika fimbo, nusu amekaa, nusu amesimama.

"Hao watoto," akauliza polepole, "walifungwa ngapi?"

"Kumi."

"Kumi bila?"

"Kumi kwa tatu."

"Walipata tatu?" Dayib akawageukia wenzake. "Watoto, na walipata tatu." Akakaa chini, fimbo akailaza sakafuni. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda haikujulikana kama analia au anacheka, hadi alipotoa leso. "Na mwaka uliofuata?"

"Walichukua ubingwa. Miaka mitatu mfululizo."

"Basi someni Fatiha," Dayib akasema, "kabla mwenye mbuzi hajakumbuka kitu kingine."

Wakainua mikono. Onyango na Gaston nao wakainua, kila mmoja akimchungulia jirani ajue wakati wa kushusha.

Halwa ilipopita, Onyango akamsogelea rafiki yake. "Bingwa, nimesikiliza vizuri. Hizo hesabu zako ni za mwaka 1910. Hiyo ya saba ilikuwa lini?"

Billow aliona kwamba siku yenyewe imekwisha kuharibika na kutengenezeka, hapana cha kuficha. "1922."

"Babu yangu alikuwa hajazaliwa. Na sasa hivi wako wapi?"

"Daraja la tatu."

Onyango akaweka halwa chini. "Daraja la tatu. Na mimi nakuita bingwa mwenzangu ndani ya lifti, mbele ya watu."

"Papa Champion," Gaston akasema kwa huzuni, akitikisa kichwa.

Wageni walipoondoka, Dayib akiwa wa mwisho kumshika mkono mwenyeji wake na kumwahidi ngamia wa Garissa atakayebaki huko huko Garissa, Billow alikwenda jikoni kuosha vikombe. Anisa alikuwa hapo, macho mekundu, anafuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Nilikuambia usitaje mpira."

"Uliniambia."

Anisa akaipokea sahani nyingine kutoka mkononi mwa baba yake. Wakaosha kidogo bila kusema, kazi ambayo Billow aliiweza.

"Aabo, hao watoto waliofungwa kumi," Anisa akauliza. "Waliishia wapi? Waliendelea kucheza?"

Billow akafikiri. Yule mzee mwenye kofia alimweleza habari hiyo kwa kirefu, na alimweleza kwa mikono yote miwili.

"Alinieleza," akasema. "Lakini ilikuwa katika ile nusu ambayo sikuelewa."