Ukutani Kumeandikwa "Kohoa"

Miaka ile ya tisini, biashara ilipofunguliwa na viwanda vya minofu vikaota kando ya ziwa, niliajiriwa kwa majaribio na kampuni ya kununua sangara. Mimi, mtoto wa wafugaji wa Kisesa nisiyejua hata kuogelea, nikapewa kazi ya kuwashawishi wavuvi wa Nansio watuuzie sisi. Bosi alisema wakikataa, nirudi kwa ng'ombe wangu.

Sikuogopa, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kompyuta. Nikatengeneza slaidi za kupendeza mno. Chini ya skrini kulikuwa na vitufe vya kuitazama kazi kwa namna tofauti. Kimoja kilizitandaza slaidi zote kama dagaa mchangani. Kingine kilionyesha slaidi juu na maelezo ya msemaji chini yake. Cha mwisho kiliijaza slaidi kwenye skrini yote na kuyaficha maelezo, nikakidharau. Sasa msemaji asomee wapi? Nikachagua chenye maelezo, nikiamini kwa dhati kwamba projekta ina adabu: itawaonyesha wageni slaidi na kuniachia mimi yaliyo yangu. Ujinga huu niliusomea, tena nikapewa cheti.

Siku ya kikao, ukumbini Igogo, wazee wa wavuvi walikaa mbele na bosi nyuma. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba. Nikaupa mgongo ukuta uliomulikwa na projekta, macho kwenye kompyuta.

"Mimi nami ni mtu wa ziwa," nikaanza. Wakacheka. Nikaona wamenipenda.

Nikafika kwenye slaidi ya "Bei nzuri kwa mvuvi". Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Kijana, hiyo bei nzuri ndiyo ipi?"

Nikakohoa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikakohoa tena, kwa bidii zaidi.

"Mpeni maji jamani," mzee akasema huku akijifuta machozi. "Mtoto wa watu anatii maandishi."

Nikageuka. Ukutani, chini ya slaidi yangu nzuri: "Wakiuliza bei, kohoa. Wakiendelea kuuliza, kohoa zaidi." Nikakumbuka na maelezo ya slaidi ya kwanza: "Jifanye mtu wa ziwa." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wote wakamgeukia bosi. Yeye hakuwa na kikohozi. Akasimama, akataja bei, tena nzuri kweli, mbele ya mashahidi.

Wazee wakateta kwa Kikerewe, lugha ya kwao, kisha wakakubali kutuuzia, kwa sharti moja: kila kikao nije mimi, na mashine ikae vilevile ilivyokaa leo.